Diski moja kwa Windows, Mac na Linux: namna ya kuiandaa bila kupoteza mafaili

Swali hili huja kwa sura tatu. "Kaka, diski yangu nikiichomeka kwenye Mac inafunguka, naona kila kitu, ila inakataa kupokea faili." "Fundi, Windows inasema niifomati, nibonyeze?" "Mbona flashi ina GB 40 tupu na inakataa video ya GB 6?" Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata ukumbini katikati ya sherehe. Sasa nayaandika mara moja, atakayeuliza nimtumie hapa.

Mimi nahariri video za harusi. Kompyuta ya kuhariria ni Mac, mwenzangu anayepiga picha ana Windows, na mdogo wangu anayetupangia muziki kang'ang'ania Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Wateja nao huja na chochote walichonacho. Diski moja huzunguka kwenye mashine zote hizo ndani ya wiki moja, na hailalamiki. Siri ni namna ilivyofomatiwa kabla ya kazi kuanza.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

Diski ni stoo, na mfumo wa faili ni daftari la stoo: linasema mzigo upi uko rafu ipi. Kila mfumo endeshi una mwandiko wake wa daftari. Windows huandika kwa NTFS. Mac huandika kwa APFS tangu 2017, na kabla ya hapo ilikuwa HFS+. Linux mara nyingi huandika kwa ext4. Kompyuta isiyojua mwandiko uliopo huona stoo isiyoeleweka, na ushauri wake ni daftari lichomwe moto lianzishwe jipya. Hiyo ndiyo maana ya lile dirisha la Windows linalokuomba ufomati. Diski yako ni nzima, ila msomaji ndiye hajui kusoma.

Sasa yale maswali matatu. Mac husoma NTFS lakini haiandiki, ndiyo maana unaona mafaili na huwezi kuongeza. Windows, bila programu ya ziada, haisomi APFS, HFS+ wala ext4, ndiyo maana inataka kufomati. Flashi inayokataa video kubwa imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata nafasi ingekuwa tele.

Mwandiko ambao wote watatu wanausoma na kuuandika, bila hilo sharti la GB 4, ni exFAT. Microsoft waliutoa mwaka 2006, Mac zinauelewa tangu toleo la 10.6.5, na Linux imeuweka ndani ya kernel yenyewe (kiini cha mfumo) tangu toleo la 5.4. Huo ndio tutakaoutumia.

Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Diski yenyewe na kebo yake ya asili. Kebo za kuokoteza ndizo chanzo cha nusu ya kesi ninazoletewa.
- Mahali pengine penye nafasi ya kutosha kuhifadhi kila kilichomo sasa. Kufomati hufuta, na hakuna njia ya mkato ya kugeuza NTFS kuwa exFAT mafaili yakiwa ndani.
- Laptopu yenye chaji. Kama ni kompyuta ya mezani, iwe na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, exFAT huumia kuliko NTFS, kwa sababu haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea.
- Muda. Kwa tundu la USB 2, GB 500 huchukua kama saa nne. Kwa USB 3 na diski ya kuzunguka, saa moja na nusu hivi. Matundu ya USB 3 mara nyingi huwa ya buluu ndani.
- Faili moja kubwa kuliko GB 4 kwa ajili ya jaribio.

Kama una Windows miongoni mwa mashine zako, fomatia huko. Si kwamba naipenda zaidi, ila diski iliyofomatiwa Windows huwa na vituko vichache ikifika kwingine.

Hatua kwa hatua

1. Nakili vilivyomo, kisha hakiki. Buruta folda zote uziweke sehemu salama. Usiridhike kwamba mstari wa kijani umefika mwisho. Linganisha ukubwa na idadi ya mafaili pande zote mbili, kisha fungua matatu manne hivi, hasa makubwa. Kwa faili usilotaka kulichezea kabisa, linganisha alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Amri huandikwa kwenye Command Prompt (Windows) au terminali (Mac na Linux): Windows ni `certutil -hashfile jina.mp4 SHA256`, Mac ni `shasum -a 256 jina.mp4`, Linux ni `sha256sum jina.mp4`. Herufi zikifanana zote, nakala ni sahihi.

2. Chomoa diski nyingine zote. Flashi, kadi ya kamera, diski ya pili, toa. Ibaki ile unayotaka kuifomati tu. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini kila niliyemjua aliyefomati diski isiyo yake alikuwa na diski mbili mezani.

3. Kama diski au flashi ni mpya na bei yake ilikuwa ya kushangaza, ipime. Sokoni kuna flashi zimeandikwa TB 2 na ndani zina GB 32. Hujifanya zinapokea kila kitu, kumbe vinavyozidi vinapotea. Kwenye Windows tumia H2testw. Kwenye Linux au Mac tumia F3, yaani `f3write` ikifuatiwa na `f3read`. Jaribio ni refu, iache usiku. Ikikutwa ya uongo, irudishe dukani, usiifomati.

4. Fomati. Chagua njia moja kati ya hizi.

*Kwenye Windows.* Fungua "This PC", bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format". Pale "File system" weka exFAT. "Allocation unit size" iache kama ilivyo. Watu hupenda kuikuza wakidhani diski itakwenda kasi, kisha Mac inaigomea. Jina lisizidi herufi 11. Acha alama kwenye "Quick Format", bonyeza "Start".

Kama diski ilitoka kwenye Mac, huenda isionekane kabisa kwenye "This PC". Fungua "Disk Management", utaiona hapo ikiwa na vipande, kimojawapo cha MB 200 kinachokataa kufutwa. Hapo ndipo inahitajika diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `diskpart`, halafu `list disk`. Itambue diski yako kwa ukubwa wake. Andika `select disk 1`, ukiweka namba ya diski yako badala ya hiyo 1. Pumua. Andika `list disk` tena uone nyota iko kwenye mstari sahihi. Ndipo ufuatishe `clean`, `convert gpt`, `create partition primary`, `format fs=exfat quick label=SAFARI`, na `assign` (SAFARI ni jina la diski tu, weka lako). Amri ya `clean` haiulizi "una uhakika?". Inafuta palepale, na kama namba ilikuwa ya diski ya ndani, mazungumzo yameisha.

*Kwenye Mac.* Fungua Disk Utility. Kabla ya lolote, nenda menyu ya "View" uchague "Show All Devices". Wengi huruka hapa. Upande wa kushoto sasa utaona diski kwa ngazi: juu kabisa kifaa chenyewe, chini yake patisheni, yaani vipande vilivyogawanywa ndani yake. Chagua ile ya juu kabisa, bonyeza "Erase". Format weka ExFAT, na Scheme weka "GUID Partition Map". Ukichagua ile ya chini, sehemu ya Scheme haitokei, na utabaki na mpangilio wa zamani ambao huenda Windows isiutambue. Kama diski haizidi TB 2 na unajua itachomekwa kwenye vifaa vya zamani, "Master Boot Record" nayo inafaa.

*Kwenye Linux.* Mwenye kupenda dirisha atumie programu ya Disks ya GNOME. Futa patisheni za zamani, tengeneza mpya, kwenye aina chagua "Other" kisha exFAT. Mwenye kupenda terminali aanze na `sudo apt install exfatprogs`, kisha `lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MODEL` aione diski yake. Tuseme ni sdb1: `sudo umount /dev/sdb1`, halafu `sudo mkfs.exfat -L SAFARI /dev/sdb1`. Mtego uko hapa: amri hiyo haibadilishi alama ya aina ya patisheni. Kama ilikuwa ext4, alama bado inasema "hii ni ya Linux", na Windows inaweza kuipita kama haipo. Rekebisha kwa `fdisk` au `gdisk`, aina iwe "Microsoft basic data". Programu ya Disks hukumalizia hilo yenyewe, ndiyo maana hata mimi huitumia.

5. Jaribu kwenye kila mashine kabla ya kurudisha mafaili. Chomeka kwenye ya kwanza, weka lile faili la zaidi ya GB 4, itoe kwa utaratibu. Nenda ya pili, lifungue, ongeza faili dogo, itoe. Nenda ya tatu, ongeza jingine, futa moja. Ikipita mashine zote, ndipo rudisha mali zako. Ukigundua kosa ukiwa umeshajaza GB 800, utarudia usiku mzima.

6. Rudisha mafaili, ukirekebisha majina njiani. Linux na Mac huruhusu majina ambayo Windows haiyataki. Alama hizi ziepuke kila mahali: \ / : * ? " < > |. Faili liitwalo "Harusi ya Asha: mnaingiaje?.mp4" litakwama. Liite "Harusi-ya-Asha-kuingia.mp4" na maisha yaendelee. Pia kwenye ext4 unaweza kuwa na folda "Picha" na nyingine "picha" mahali pamoja, lakini exFAT huziona ni kitu kimoja, na zitachanganyika.

7. Jizoeze kuitoa kwa utaratibu. Windows ni ile alama ya USB karibu na saa, au bofya kulia kisha "Eject". Mac ni mshale wa kutoa ulio kando ya jina. Linux vilevile. Najua Windows za siku hizi zimewekwa ili uweze kuchomoa ghafla. Lakini diski hii inakwenda na Mac pia, na Mac haina huruma na mchomoaji wa ghafla, utaona huko chini.

Mahali ambapo exFAT haifai

Diski ya kuzungukia mashine ndiyo kazi yake. Usiifanye ghala pekee la kumbukumbu za familia. Haina ile kumbukumbu ya kazi niliyoisema, kwa hiyo pigo moja la umeme linaweza kuvuruga folda nzima. Nakala kuu ibaki kwenye diski isiyosafiri, yenye mwandiko wa kompyuta yako mwenyewe.

Time Machine ya Mac haikubali exFAT, ipe diski yake au patisheni yake. Folda za programu za Linux zenye ruhusa na viungo vyake usizinakili hivihivi, kwa sababu exFAT haitunzi ruhusa za mafaili. Zifunge kwanza kwenye faili la tar, kifurushi kinachotunza ruhusa hizo.

Kwa mwenye mafaili madogo maelfu kwa maelfu, jua kwamba kwenye diski kubwa exFAT hutenga KB 128 kwa kila faili hata likiwa na KB 1. Mafaili 100,000 ya namna hiyo yatakula karibu GB 13. Yafunge kwenye zip.

Redio ya gari na runinga ni hadithi nyingine. Redio nyingi zinajua FAT32 tu. Nunua flashi ndogo ya muziki, ifomati FAT32, iache garini. Runinga soma kitabu chake, maana zipo zinazosoma NTFS na zikakataa exFAT.

Kwa anayetaka kufunga diski kwa nenosiri, BitLocker ni ya Windows na kufuli la Mac ni la Mac. VeraCrypt hufanya kazi kwenye zote tatu, ila kila mashine iwe nayo.

Mambo yakienda kombo

*Windows inasema "You need to format the disk in drive E: before you can use it".* Bonyeza "Cancel". Kama diski ina mali, Cancel. Kwenye Mac dirisha la namna hiyo lina kitufe cha "Initialize", nacho usikiguse, bonyeza "Ignore" au "Eject". Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwaka mmoja nilibonyeza "Format" saa saba usiku nikiwa na usingizi, na ndani kulikuwa na harusi ya watu. Bahati, ufomati wa haraka haugusi mzigo, hubadili daftari tu. Sikuandika kitu kingine juu yake, nikaendesha PhotoRec, programu ya bure, matokeo nikiyahifadhi kwenye diski nyingine. Video nyingi zilirudi, lakini bila majina. Siku nzima nilikuwa nafungua mafaili ya mtindo wa f0284512.mov nikimtafuta bi harusi. Ikikutokea, acha kuitumia diski dakika hiyohiyo.

*Mac haionyeshi diski, ingawa taa inawaka.* Mara nyingi ilichomolewa ghafla mahali pengine na Mac inaikagua kimyakimya. Andika kwenye terminali `ps aux | grep fsck`. Ukiona `fsck_exfat`, subiri. Kwa diski iliyojaa inaweza kuchukua muda mrefu. Wapo wanaoikatisha kwa `sudo pkill -f fsck`, diski ikafunguka ya kusoma tu. Nifanyapo hivyo huwa ni kwa ajili ya kutoa mafaili, kisha naipeleka Windows ikarekebishwe.

*Linux inafungua lakini haiandiki.* Kama ni exFAT, ina kosa la kuchomolewa vibaya. Ipeleke Windows, endesha `chkdsk E: /f` kwa herufi ya diski yako, au papo hapo kwenye Linux itoe kwa `umount` bila kuichomoa, kisha utumie `fsck.exfat`. Kama ni NTFS na iliachwa imechomekwa Windows ilipozimwa, mwenye kosa ni "Fast Startup": Windows haikuzima kweli, ilisinzia na daftari mkononi. Zima kabisa kwa `shutdown /s /t 0`, chomoa, rudi Linux.

*Linux ya zamani inasema haijui exFAT.* Kwenye Ubuntu 18.04 na wenzake, weka `exfat-fuse` na `exfat-utils`.

*Kuna mafaili mawili mawili, moja linaanza na "._".* Ni Mac. Huweka humo maelezo yake ya pembeni, na kwingine yanaonekana kama takataka. Si virusi. Kabla ya kumpa mteja diski, endesha `dot_clean -m /Volumes/SAFARI`.

*Folda zote zimegeuka njia za mkato.* Hii sasa ndiyo virusi, na ukifuatilia utakuta diski ilipita kwenye kompyuta ya kuchapishia steshenari. Usibofye hata kimoja. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Mwenye Linux au Mac achomeke huko, ayaone na kuyanakili kwa usalama. Kwenye Windows, safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`. Na ukienda tena kuchapa, nenda na flashi ndogo yenye faili hilo moja.

*Nimefuta GB 200 na nafasi haijarudi.* Kila mfumo una pipa lake la takataka ndani ya diski, limefichwa: Mac ni `.Trashes`, Linux ni `.Trash-1000`, Windows ni `$RECYCLE.BIN`. Rudi kwenye mashine uliyofutia, diski ikiwa imechomekwa, umwage pipa hilo.

*Nimenunua TB 1, Windows inasema 931.* Hujaibiwa. Mtengenezaji na Mac huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024 na bado inaandika GB.

*Diski inagonga tik-tik na kupotea.* Badili kebo, badili tundu, usitumie kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Ikiendelea kugonga hata kwenye kompyuta nyingine, hilo si la mfumo wa faili tena. Zima, usiifomati, usiijaribu mara ya kumi. Kama mali iliyomo ina thamani, mpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa bado inazunguka.